Barua kwa kamati ya kicheni pati: mwacheni mwali apate pa kuulizia

Wanangu wa kamati,

Marahaba. Shikamoo zenu zilizoingia kwenye simu juzi usiku nimezipokea zote, na ratiba mliyonitumia nimeisoma mara mbili. Nawashukuru kwa kunikumbuka na kuniweka somo wa mwali wetu, wa kumfunda mambo ya ndoa kwenye kicheni pati yake kabla ya harusi. Jibu langu nimelifanya barua ya wazi, kwa sababu kamati kama yenu ziko nyingi msimu huu, na ninayotaka kuwaambia ninyi yanawahusu na wao.

Ratiba yenu ina ukumbi wa watu 200, mchango wa shilingi 70,000 kwa kichwa, sare za aina mbili, mshereheshaji, mpiga video, na keki ya ngazi tatu. Katikati, baada ya kufungua shampeni na kabla ya chakula, mmeandika: "Nasaha za somo, dakika 15." Hapo ndipo nilipoiweka simu chini nikakaa kimya kwa muda.

Wanangu, kicheni pati ni mtoto wa mjini, lakini mimi naijua nyumba aliyotoka. Ametoka kwenye unyago na kwenye kufundwa, kwenye chumba chenye mkeka, makungwi wawili watatu, na mwali aliyejifunika kanga. Dunia ilimwona marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, akipanda jukwaani na ngoma yake ya msondo mpaka uzeeni sana, hadi alipofariki Aprili 2013. Wengi walidhani ile ngoma ndiyo unyago wenyewe. Ngoma ilikuwa ya kufungulia mlango tu. Mafunzo yalikuwa ndani, wanawake peke yao, na yaliyosemwa humo hayakutoka.

Sisemi tuurudishe wote ulivyokuwa. Yamo mambo ya zamani ambayo nashukuru yamekufa. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo ukumbi wa watu 200 hauwezi kulibeba, nalo ni nafasi ya mwali kuuliza.

Niwape mfano. Miaka mingi nyuma, Ngamiani, Tanga, tulimfunda binti mmoja uani kwa mama yake. Alikuwa msomi, mpole, na tangu asubuhi kila tulilomwambia alijibu "ndiyo, somo" akitazama mkeka. Kufika alasiri nikamkalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikampa nazi iliyokwisha vunjwa. Nikamwonyesha namna ya kuuzungusha mkono, na namna ya kusikiliza: nyama ikiwa nene sauti ni laini, ukikaribia kifuu inaanza kukwaruza, na hapo unaacha, maana ukiendelea ile rangi ya kahawia inaingia kwenye machicha na tui linaharibika. Akakuna. Machicha yakawa yanadondoka kwenye sinia, macho yake yapo kwenye nazi, hakuna anayemtazama usoni. Basi katikati ya kukuna, bila kuinua kichwa, akauliza: "Somo, siku nikiwa nimechoka, nikamwambia leo siwezi, itakuwaje?"

Kukawa kimya pale uani. Halafu shangazi yake akajibu, mama mdogo akaongeza, jirani aliyeolewa miaka 30 naye akasema lake. Likaja swali la pili, kuhusu mshahara wake. La tatu, kuhusu mama mkwe. Nazi nne zilikunwa siku ile, na hatukuwa na haja ya zaidi ya mbili. Yule binti leo ana wajukuu, na bado ananipigia simu.

Sasa niambieni, angeuliza swali lile kwenye kiti kilichopambwa maua, taa za kamera zikimpiga usoni, huku mshereheshaji akitangaza meza namba saba ijongee kwenye chakula?

Lipo na jingine, na hili bado linaniuma. Nilialikwa ukumbini kumfunda binti wa watu, na kwa unyonge wangu nikakubali kushika kipaza sauti. Nikasema mambo ya chumbani kwa staha, kwa mafumbo, kama tulivyofunzwa. Kabla ya alfajiri video ilikuwa imezunguka kwenye magrupu, na ikafika kwenye simu ya baba mkwe wake. Yule mtoto aliingia kwenye ndoa yake ameinamisha kichwa kwa maneno yangu mimi. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Tangu siku ile sifundi mwali kwa kipaza sauti, na sifundi penye simu iliyowashwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Punguzeni watu. Waiteni 30, hata 25. Mama, bibi, shangazi wa pande zote, mama wakubwa na wadogo, dada zake, mawifi wawili wanaompenda kweli, marafiki wa tangu shule, na yule jirani aliyembeba mwali mgongoni wakati mama yake amelazwa. Wenzake wa kazini watakuja harusini. Fanyieni uani kwa bibi yake. Mwembe upo, na turubai la kukodi si ghali. Sare iwe doti ya kanga, na kila mmoja achague mwenyewe jina la kanga yake kisha amsomee mwali na kumwambia kwa nini amelichagua. Atakayeleta kanga ya "Nani kama mama" ana maneno ya kusema, na mwali atalia, na kulia kwa namna hiyo kunamfaa.

Mchango nao utashuka wenyewe. Nawajua wanawake waliokopa kwenye kikoba ili walipe mchango na kushona sare ya siku moja, wakalipa deni miezi minne. Hatuwezi kumwombea mtoto baraka kwa pesa iliyomtoa mwenzetu machozi.

Zawadi, andikeni orodha na mmoja wenu aisimamie, ili asipewe brenda sita akakosa kifumbu cha kuchujia tui. Mtungi wa gesi na jiko la sahani mbili wachangie watu watano. Hilo halihitaji maneno mengi.

Neno la kufunda lenyewe ndilo zito. Nimesikia kwenye kumbi nyingi mwali akiambiwa vumilia, vumilia, vumilia, na ukumbi ukipiga vigelegele. Kuvumilia umaskini wa mwanzo, sawa. Kuvumilia mtu aliyerudi na hasira za kazini, sawa, kwa siku hiyo. Kipigo, hapana. Somo anayemwambia mwali avumilie kipigo amemfundisha uongo, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema waziwazi, katika kifungu cha 66, kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 59 kinasema nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Mtoto tunayempa mwiko na sufuria mbele ya watu anastahili kuambiwa hivyo siku hiyohiyo, na mtu anayempenda.

Ndiyo maana nimemwomba binti yetu mwanasheria aje naye akae mkekani pamoja nasi. Hotuba hatumtaki atoe. Akiulizwa, ajibu.

Na bwana harusi asiachwe. Nimekwisha zungumza na wajomba zake, watakaa naye jioni hiyohiyo. Mambo ya kumtunza mtu mgonjwa, ya kubembeleza mtoto usiku, ya kusema samahani, yeye pia ayasikie kwa watu wake. Mbona tunamfunda mmoja kisha tunataka watembee wawili?

Mkitaka muziki, uwepo, ila baada. Tukishamaliza kufunda, fungulieni spika, mumtunze mwali mpaka mchoke, nami nitacheza. Mpiga video aje saa hiyo. Kabla ya hapo, mlangoni wekeni kikapu, kila simu iingie humo, yangu ikiwa ya kwanza.

Mama wa mwali ameniambia anaona aibu, watu watasema harusi ya mwanawe imepooza. Mwambieni nitampitia Alhamisi tuongee wawili. Najua mzigo anaoubeba, niliwaoza wanangu watatu.

Pesa za ukumbi kama mmekwisha lipa kianzio, nijulisheni, nami nitaongozana nanyi kwenda kuzungumza na wenyewe. Mkeka mkubwa ninao. Mbuzi ninayo ileile ya Ngamiani, nimeikazia miguu wiki iliyopita. Nazi nitakuja nazo mwenyewe, nne.

Wenu, somo