Mfumo wa korosho usisimame mtandao ukikata

Mhariri,

Msimu wa korosho unapokaribia huku Mtwara, hukosi kusikia kwamba safari hii makaratasi basi, kila kilo itaingia kwenye mfumo wa kidijitali. Sipingi. Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu hapa Masasi, na makaratasi yakiisha ndio ugali wangu. Ninachopinga ni mfumo unaodhani kijijini kuna mtandao saa zote.

Ukishaiacha barabara kubwa, mtandao unakuja na kuondoka. Karani wa chama cha msingi cha ushirika anaweka gunia kwenye mzani, anaandika kilo, anabonyeza "hifadhi", kiduara kinazunguka. Kinazunguka tu. Foleni inasimama, wakulima wamekalia magunia yao tangu asubuhi, mawingu ya Desemba yanajikusanya, na korosho ikilowa daraja linashuka. Mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, yeye hahitaji mfumo. Ana kipimo chake cha bakuli na noti mkononi. Tusishangae mkulima akimfuata.

Na si vijijini peke yake. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikayumba nchini kote, Dar es Salaam ikiwamo.

Dawa ipo na si ghali. Taarifa iandikwe kwanza kwenye simu yenyewe, mkulima apewe risiti yake aondoke; kupeleka seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, kufuate baadaye, mtandao ukipatikana. Kila simu ya Android inakuja na hifadhidata ndogo ya SQLite ndani yake, bure. Kenya walipoanza kuwagawia vifaa na simu wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, Septemba 2023, programu waliyowawekea ilijengwa kwa mtindo huo: mhudumu anaandikisha kaya bila mtandao, taarifa zinasafiri baadaye.

Kuhifadhi ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuoanisha, yaani kuzifanya taarifa za simu na za seva zikubaliane, na hapo ndipo wauzaji wa mifumo wanapopita harakaharaka kwenye maelezo yao. Chukua gunia la kilo 80. Simu imelipeleka, seva imelipokea, lakini jibu limepotea njiani. Simu haijui, inapeleka tena. Mfumo uliotengenezwa ovyo utahesabu magunia mawili. Ndiyo maana kila gunia linatakiwa lipewe namba yake ya pekee na simu, palepale kwenye mzani, bila kusubiri namba kutoka seva. Likija mara ya pili, seva inalitambua na kuliacha.

Jingine ni makarani wawili na mkulima mmoja. Asubuhi kapima kwa huyu, jioni kwa yule, simu zote mbili hazina mtandao. Kama kila simu inatunza jumla na kupeleka jumla hiyo, itakayofika mwisho itaifuta iliyotangulia, na jasho la asubuhi limepotea. Basi jumla isipelekwe kabisa. Ipelekwe mipimo, mmoja mmoja, kama mistari ya daftari la mhasibu isiyofutwa. Kosa lisahihishwe kwa mstari mwingine, na seva ndiyo ijumlishe.

Namba ya akaunti ya benki ni habari nyingine, maana akaunti mbili hazijumlishiki. Wengi huamua kuwa iliyoandikwa mwisho ndiyo ishinde, kwa kutazama saa ya simu. Saa gani? Simu nyingine betri ikiisha kabisa huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Panapohusu fedha, mimi siiachii mashine iamue: namba zote mbili zihifadhiwe, malipo yasubiri, katibu wa chama amuulize mkulima mwenyewe.

Kumbuka pia kuwa simu hiyo sasa imebeba majina na akaunti za watu, nayo huibwa kama simu yoyote. Taarifa zilizomo zifungwe kwa usimbaji, aliyeiiba asiweze kuzisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022.

Kwa viongozi wa vyama na wote wanaosaini mikataba ya mifumo hii, nawaomba msiridhike na maonyesho ya ukumbini penye Wi-Fi. Chukueni simu mbili, zimeni data. Pimeni magunia ya mkulima mmoja kwenye simu zote mbili, badilisheni akaunti yake kwenye moja, na hiyo moja irudisheni tarehe nyuma. Washeni data, kisha ikateni katikati ya kupeleka, muiwashe tena. Mkimaliza, linganisheni kilo zilizofika seva na zilizo kwenye risiti. Zikipishana hata kilo moja, msisaini.

Mtengeneza programu,
Masasi, Mtwara