Nasomesha Kurani na meno yangu yamepandana: nifunge vyuma au nivae plastiki?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Ujiji, Kigoma. Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Meno yangu ya mbele ya chini yamepandana tangu utotoni, na juu kuna chonge iliyojitokeza nje na kugeuka ubavu. Urembo siutafuti, mume alinioa na chonge yangu na hajawahi kulalamika. Kinachonisumbua ni kwamba nikila samaki wa mgebuka nyama inanasa palepale, mswaki haufiki, na ufizi unatoka damu. Daktari wa kinywa alinikwangua ukoga, akasema utarudi tu maadamu meno yamebanana hivyo, akanielekeza kwa bingwa wa kupanga meno Dar es Salaam.

Yule bingwa alipendekeza vyuma vya kawaida. Nikamwuliza kama hakuna kingine, kumbe vipo. Kuna vya kauri, vyenye rangi ya jino, ila ni ghali zaidi, vinavunjika kwa urahisi kuliko chuma, na vile vimpira vyake vya kushikia waya hushika rangi ya chai na binzari. Kuna vinavyogandishwa nyuma ya meno, nje hakionekani kitu. Hivyo nilivipenda mpaka aliponiambia kwamba ulimi hugonga chuma na matamshi huyumba, hasa mwanzoni. Shangazi, mimi nasomesha tajwidi, kanuni za kutamka Kurani! Herufi tha, dhal na dha zinatoka ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno ya juu ya mbele. Watoto wananitazama mdomo ndipo waige. Nikiharibu mimi, darasa zima linaharibika, na wazazi wa Ujiji hawanyamazi.

La mwisho ni vifuniko vya plastiki angavu, kama Invisalign. Meno yanapimwa, unatengenezewa seti nyingi, na kila baada ya wiki moja au mbili unavaa nyingine inayosogeza meno kidogo. Unavivua wakati wa kula na kupiga mswaki tu, maana vinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukiwa navyo unakunywa maji matupu. Mimi na kahawa yangu ya jioni sijui tutaachanaje, ingawa mchana wa Ramadhani naona ningekuwa mgonjwa wa mfano.

Nimevielekea hivi kwa sababu ya safari. Vyuma vinataka kukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, na kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Waya ukichomoka ukanichoma shavu, nani atanikatia? Vifuniko naweza kupewa seti kadhaa nikabadilisha mwenyewe nyumbani. Lakini bingwa hakuchangamka. Alisema chonge iliyogeuka ni ngumu kwa plastiki, ingebidi anigandishie vinundu kwenye meno ili plastiki ipate pa kushika, na bado huenda tukamalizia kwa vyuma. Bei aliyonitajia ni karibu maradufu ya vyuma.

Hapo kaka yangu akaingilia kati: niagize kwenye mtandao, nijipime meno mwenyewe kwa ule udongo wao, niletewe kwa posta. Sikubali. Nani atanipiga picha ya eksirei aone mizizi na mfupa? Na kampuni ya Marekani ya namna hiyo, SmileDirectClub, ilifunga milango Desemba 2023 wateja wake wakiwa katikati ya matibabu.

Mama naye anasema nabadili maumbile ya Mungu. Hilo nilimpelekea shehe wetu, akasema kinachokatazwa ni kuchonga mianya kwa urembo, kutibu kasoro ni jambo jingine. Mama hajaridhika, ila ameacha kununa.

Naomba ushauri wako na wa wasomaji waliopitia. Je, vyuma vya mbele huharibu matamshi kwa muda gani, au mdomo huzoea haraka? Inawezekana kufunga vyuma juu, penye chonge, na plastiki chini? Na kuna aliyewahi kutibiwa akiwa mbali namna hii, mkakubaliana na bingwa kwamba daktari wa karibu akuangalie katikati? Hela za vyuma ninazo. Za plastiki itanibidi nisubiri mpaka mchezo wetu wa akina mama wa kuchangiana pesa kwa zamu unifikie, na ufizi wenyewe sijui kama utanisubiri.

Ni mimi,
Mwalimu wa Ujiji