Kwako mpiga besi wangu uliyechomoa waya

Mwanangu, salama huko Muscat? Nimeona umeposti tena ile Head Hunters, albamu ya Herbie Hancock mpiga kinanda, na maneno yako yaleyale, eti bendi ni besi, nikasema leo namjibu hapahapa, maana simu yangu hupokei na meseji unasoma halafu unauchuna.

Vidio ya hotelini nimeiona. Vidole bado vimo, hongera.

Ila Chameleon unayoringia, wimbo wa kwanza mle, ile laini ya besi sio ya Paul Jackson mpiga besi wao. Kaipiga Herbie mwenyewe kwenye sinthesaiza, ARP Odyssey, Paul akapanda noti za juu za besi lake akawa anakatakata huko, mpaka leo watu wanabisha kwamba mle kuna mpiga gita la ridhim wakati albamu nzima haina gita. Dakika 15 na ushee, na hakususa!

Mi nilikuomba hicho tu. Harusi ya dada yako, ndafu ndo inaingia, MC anapiga kelele, mkono wangu wa kushoto umeshika laini ya besi kwenye kinanda, nikakuonyesha kwa kichwa panda juu. Ukaniangalia. Ukachomoa waya bila hata kuzima ampu, ule mlio ukapiga ukumbi mzima, shangazi yako kaziba masikio, bibi harusi kageuka na kisu mkononi anauliza kuna nini. Ukapita katikati ya meza na besi begani. Kwenye harusi ya dada yako mwenyewe jamani.

Na sikukunyang'anya kitu, ujue hilo. Herbie si alikuwa na bendi ile ya kina Mwandishi na Mganga, majina ya Kiswahili waliyojipa (yule Mganga wa tarumbeta kweli alikuwa daktari, ulicheka mpaka ukakaa chini), muziki mgumu, hela zinatoka mfukoni mwake, 1973 akaivunja akabaki na Bennie Maupin wa saksafoni tu, akatafuta watu wa kupiga kitu cha kuchezeka. Mwaka huohuo hiyo Head Hunters ikatoka, ikaja kuuza zaidi ya kopi milioni. Sasa watu wa harusi ulitaka wakae wasikilize solo zako? Harvey Mason mpiga drams alivyokataa safari za shoo akaingia Mike Clark, wakarekodi albamu iliyofuata, Thrust, maisha yakaenda. 1975 wanabendi wakatoa albamu yao wenyewe chini ya jina la Headhunters, na wimbo wa God Make Me Funky mle ndo ule vijana wa hip hop wameukata vipande wakatia kwenye nyimbo zao kila pande. Hapo sawa, besi ni Paul, ringa.

Unakumbuka tunatafuta ule mluzi wa Watermelon Man ya kwenye Head Hunters, Bill Summers mpiga ngoma na chupa yake ya bia? Tulipuliza chupa za soda za mama yako mchana kutwa, tukaongeza maji, tukapunguza, wewe ndo uliipata. Sikio lako sijaliona kwa mtu mwingine, kwa hilo sikunyimi.

Nakushauri kama mkubwa wako, acha kiburi. Paul alihamia Japani 1985 lakini wenzake hakuwakatia simu. Siku alipofariki, Machi 2021, nilikupigia wewe kabla ya mtu yeyote. Ukakata. Halafu kwa watu mimi ndo naonekana mbaya.

Hela yako ya ile harusi ninayo, kamati ilitukata nusu ila yako niliitoa kamili mfukoni kwangu. Nitumie namba unayopokelea.