Zaburi 119 haikurudiarudia bure

Mhariri,

Mwandishi wa makala yenu kuhusu Zaburi, toleo lililopita, anasema Zaburi 119 inachosha kwa kuwa mtunzi alizidiwa na hisia akawa anarudia yale yale. Hapo sikubaliani naye. Shairi lile limepimwa kwa rula. Lina beti 22, kila ubeti na herufi yake ya Kiebrania kwa mpangilio wa alfabeti, na aya zote nane za ubeti huanza kwa herufi hiyo. Ndizo hizo aya 176 anazozilalamikia.

Tazama aya ya 41 hadi 48. Herufi yake ni vav, na maneno ya Kiebrania yanayoanza kwa vav ni ya kutafuta kwa tochi. Mtunzi akaamua kuanza kila aya kwa kiunganishi, "na", mara nane mfululizo. "Na" hiyo tunayo, lakini kwenye nakala yangu ya Biblia huioni ikipanga mstari. Ubeti unaotangulia, wa herufi he, ndio unaonikosesha usingizi: aya saba kati ya nane zinaanza kwa kitenzi cha kusababisha, maana kwa Kiebrania he ndiyo inayokijenga. Sisi tuna -sha yetu: nifundishe, nifahamishe, nipitishe. Sauti ipo, imelala tu.

Kazi ya kuufuata mpangilio huo kwa Kiswahili ni ngumu, sibishi. Vitenzi vyetu hutanguliwa na viambishi, kwa hiyo aya nyingi huangukia ni- na u-. Hata hivyo padri Ronald Knox wa Uingereza alipofasiri Maombolezo alizifuatisha aya na A, B, C za Kiingereza. Na washairi wa zamani wa visiwa vya Lamu walikwisha kutunga kwa kufuata alifu, be, te. Jadi tunayo.

Kama hakuna wa kuthubutu, basi wachapishaji waandike majina ya herufi juu ya beti, na tanbihi fupi kwenye Maombolezo sura ya 1 hadi ya 4, nazo zimepangwa kwa alfabeti. Wasiisahau Mithali 31:10-31, yule "mke mwema" tunayesomewa harusini na kwenye mazishi ya akina mama. Aya 22, alefu hadi tav, yaani herufi ya kwanza hadi ya mwisho ya Kiebrania, na Wayahudi huiimba nyumbani Ijumaa jioni Sabato inapoingia. Kwetu nimeisikia mara nyingi ikihubiriwa kama orodha ya majukumu ya mke.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro