Kikasha kile hakikuchongwa, kilikerezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe neno moja. Wiki tatu zilizopita mlitoa picha ya meza ya maonesho ya kazi za mikono hapa Tanga, na chini yake mkaandika: "Vikasha vya mpingo vilivyochongwa kwa mkono." Kile cha katikati, cheusi, chenye mstari wa rangi ya maziwa ubavuni na kilele kirefu kama mnara, ni kazi yangu. Kwa picha nashukuru. Lakini hakikuchongwa, Mhariri. Kilikerezwa.

Ningenyamaza, maana hata wateja wangu husema hivyohivyo na nimezoea. Kilichoniamsha ni ujumbe wa msomaji wa Korogwe mliouchapa Jumamosi iliyofuata, kwamba shilingi 180,000 kwa kopo la mti ni wizi wa mchana, na tena si mashine ndiyo inayofanya kazi? Basi gazeti linasema mkono, msomaji anasema mashine, na mimi mwenye kikasha hakuna aliyeniuliza.

Anayechonga huutuliza mti, chombo ndicho kikatembea. Anayekereza hukituliza chombo, mti ndio ukazunguka. Kwa hiyo kilichokerezwa, ukikikata kwa upana popote pale, utakuta duara: tendegu la kitanda, pia ya mtoto, mpini wa tupa, kidau cha wanja. Nadhani mkanganyiko unatokana na ndugu zetu Wamakonde, ambao wameupatia mpingo jina kubwa kwa vinyago hata ikawa kila kitu cheusi cha mti kimechongwa. Wao wanachonga, na mimi sina ubavu wa kugusa kazi yao. Mimi mkereza.

Neno hili sikulitoa kichwani. Babu yangu mzaa mama, kule Pangani, alikuwa akikereza matendegu ya vitanda kwa kerezo la upinde, na mimi nikiwa na miaka saba au minane ndiye niliyekuwa mota yake. Navuta upinde, kamba inazungusha mti kuja kwake. Narudisha, mti unazunguka kinyume. Mti ukija anakata, ukirudi anainua patasi na kusubiri. Nusu ya kazi ilikuwa kusubiri. Nikivuta kwa pupa alinipiga kofi la kisogo bila kugeuka, akaendelea. Pangani hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipokea pembe za ndovu za misafara ya bara, na nyingi ziliishia Ulaya na Marekani zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Huo mpira wa biliadi ulipatia wapi umbo lake? Kwenye kerezo. Pembe zikitoka kwetu, wakereza wakitajirika kwao, na leo sisi wenyewe hata jina la kazi tunalisahau.

Leti ya mota, yaani kerezo la umeme, niliikuta ukubwani, kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, nikakereza bushi za shaba miaka 11. Nilipopunguzwa kazini nilirudi kwenye mti. Sasa nina leti yangu Makorora, imeungwa kwa vyuma vya aina tatu, lakini haitikisiki.

Sasa kikasha. Kiliagizwa mwezi wa Rajabu na mama mmoja wa Chumbageni, cha kuwekea udi wa binti yake aliyekuwa aolewe Mfungo Mosi. Masharti yake matatu: bibi harusi aweze kukifungua kwa mkono mmoja, kilele kiwe chembamba "mpaka mtu aogope kukishika", na ule mstari mweupe usikatike kutoka chini mpaka juu. Huyu mama anajua kuagiza. Bei mliyoiona mezani ni ya mtu atakayetaka kingine kama hicho. Chenyewe kilikuwa kimeazimwa kwa siku mbili tu.

Watu waliopita mezani waliniuliza nimepaka rangi gani. Si rangi. Weusi wa mpingo ni kiini. Kwa nje, chini ya gamba, kuna ukanda mwembamba wa manjano hafifu ambao mafundi wengi huutupa. Mimi niliukata mti upande ili ukanda huo ubaki ubavu mmoja. Kazi ni kuuvusha kutoka tumboni kwenda kwenye kifuniko. Tumbo na kifuniko vilikuwa kipande kimoja, na unapovitenganisha, kisu kinakula mti. Halafu tumbo linaachiwa ulimi wa kuingia ndani ya kifuniko, na ulimi huo ukishajificha, sehemu yake ya mstari imepotea nayo. Ukiwa mzembe unapoteza sentimita nzima, na nyuzi za mti zikiwa zimelala hata kidogo, mstari wa chini unatazama kushoto na wa juu kulia. Kwa hiyo kisu nilikitengeneza mwenyewe kutokana na kipande cha msumeno wa mashine wa kukatia chuma, unene milimita 2, na ulimi nikauacha milimita 5. Jumla zimepotea 7. Tazameni tena picha yenu, mstari umepinda hapo kwenye kiungo, upana wa unywele. Mimi nauona kila mara. Mama wa Chumbageni hajauona, na tafadhali msimwoneshe.

Kifuniko hutangulia. Unachimba tundu lake kwanza, ndipo unapunguza ulimi wa tumbo uufuate, kwa sababu ulimi ukiwa mnene unaupunguza, lakini tundu likishakuwa kubwa hulirudishi. Ulimi unapokaribia kipimo, unaugusisha kifuniko huku ukizunguka, mara moja tu, kisha unazima na kutazama. Pale palipogusa pameng'aa kama ngozi ya kiatu kilichopigwa brashi. Unaondoa huo mng'ao tu, unagusisha tena. Nilifanya hivyo mara tisa. Na hapo bado hujamaliza, maana kwanza kifuniko kibane ulimi kwelikweli, ili kikae juu yake huku unakereza mgongo na kilele. Kazi ikishaisha ndipo unaulegeza kwa msasa mkuukuu, pumzi mbili tatu, mpaka kifunguke kwa vidole viwili na tumbo libaki mezani. Ukizidisha pumzi moja, kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kikasha mnachokiona ni cha tatu. Cha kwanza nilikitoboa Jumatatu na kukimaliza Jumanne, kwa kiburi. Wiki ya pili kifuniko kikawa kinaingia upande mmoja tu. Ukikizungusha robo, kinagoma. Mti hata ukae ghalani miaka, ukiutoa tumbo unajinyoosha upya. Na husinyaa zaidi kwa kufuata miviringo ya umri wake kuliko kutoka kiini kwenda gamba, kwa hiyo duara lako linageuka yai. Nililijua hilo tangu zamani. Dawa yake ni kukitoboa kikiwa bado na kuta nene, kukiacha kijinyooshe kinavyotaka, ndipo ukimalize. Cha tatu kililala wiki tano juu ya kabati la nguo, mke wangu akilalamika kuhusu vumbi.

Cha pili nilikiua mwenyewe. Kilele huanzia nchani na kurudi shinani, kwa sababu ukishakuwa mwembamba kule mbele huwezi tena kurudi. Ukigusa tu, unatetemeka na kukatika. Nilikuwa nimefika kwenye shingo, unene milimita 3, umeme ukakatika. Sikuzima swichi. Nikaingiza kipimio shingoni nione nimebakiza nini, na umeme ukarudi. Kilele kikavunjika, kifuniko kizima kikachomoka kwenye ulimi, kikagonga bati la paa, kikamshukia kijana wangu wa kazi kwenye kidole gumba cha mguu. Alikuwa amevaa kandambili. Mpingo si mti wa kuchezea. Ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama kama jiwe. Kucha yake ikawa nyeusi kama mti wenyewe. Kosa ni langu, si la umeme, na tangu siku hiyo nimeandika ukutani kwa chaki: ZIMA KWANZA.

Ndugu wa Korogwe, mashine inazungusha. Basi. Kikasha chenye upana wa milimita 70 kikizunguka mara 1,800 kwa dakika, ukingo wake unapita mbele ya bobari, patasi yangu yenye makali ya mviringo, zaidi ya mita 6 kila sekunde, na kati ya ukingo huo na kifua changu kuna mkono wangu tu. Tako la bobari, yaani mgongo wa makali yake, lazima liegemee mti ndipo makali yaume. Ukitanguliza makali, mti unakinyakua chombo na kazi ya wiki inakuwa kuni. Na ndani ya tumbo huoni chochote, unasikiliza. Ukuta ukiwa mnene mlio ni mzito, ukifika milimita 3 unaanza kupiga mbinja, na hapo unaacha, hata kama bado hujaridhika. Kamuulize fundi wa nguo kama cherehani humshonea suruali yeye akiwa amelala.

Msasa nao una habari yake. Ukiukandamiza mpingo unapata joto, na ukipata joto unapasuka nyufa nyembamba ambazo hazizibiki. Nilipitisha namba 120 mpaka 600 kwa mwendo mdogo, napumzisha, napitisha. Vumbi lake linawasha ngozi na kukaba kifua, kwa hiyo navaa barakoa hata kwenye joto la Februari. Mikono mirefu hapana, kanzu ndiyo hapana kabisa, maana nguo hunaswa na mti unaozunguka: Ijumaa moja mzee mmoja wa heshima alitaka kuchungulia akitoka msikitini, nikamwomba asimame nje ya mlango, akanuna.

Vipande vitatu vya mpingo wenye risiti na kibali, miezi mitatu ya kukisumbukia, kucha moja. Hesabu atapiga ndugu wa Korogwe.

Sitaki mnifikirie kama mzee anayelilia maneno. Vijana wanakuja kwangu na vyeti vya useremala, wanajua randa, wanajua msumeno wa mashine, wakiiona leti wanasema "mzee, tufundishe kupiga leti." Nawafundisha, wala jina silikatai. Lakini mteja akisoma gazetini "kuchonga", anakwenda kwa mchongaji, mchongaji anamwambia haiwezekani, na kazi inaishia hapo. Imenitokea mara mbili mwaka huu kupata mteja aliyekwisha kuzunguka Ngamiani nzima akitafuta mtu wa kutengeneza matendegu mawili yafanane na mawili yaliyobaki kwenye kitanda cha marehemu bibi yake. Alikuwa akiuliza "mchongaji wa miguu ya kitanda". Angeuliza mkereza, wazee wa barazani wangemleta siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba marekebisho, hata mstari mmoja kwenye kona: vikasha vilivyokerezwa. Cha kushoto kwenye picha, kile cha mraba chenye maua juu, kweli kimechongwa na si changu, kwa hiyo mtalazimika kuandika vyote viwili.

Na yule ndugu wa Korogwe akishuka Tanga anione. Nina kipande cha mwembe kizuri, laini, hakina mafundo, nimemwekea. Bobari nitamnolea mimi, leti nitamwashia mimi, kikasha atakereza yeye. Aje na viatu vya kufunika vidole.

Mkereza wa Makorora,
Tanga