Picha ya viza unaweza kupiga nyumbani, ukuta na dirisha vikikubali

Ijumaa moja jioni tumeshaanza kuteremsha mlango wa duka letu la picha, akaingia mama mmoja kutoka Mbagala na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na picha nne nzuri tu: uso umetulia, blauzi imepigwa pasi, nyuma bluu. Alizipiga mwaka uliotangulia kwa mambo ya kazi. Sasa anampeleka mwanawe India kwa matibabu, na fomu ya mtandaoni inaikataa picha yake kila akiipandisha.

"Mwanangu, hii si pasipoti saizi? Ina kasoro gani?"

Picha haikuwa na kasoro, ila haikuwa ya India. Hapa kwetu "pasipoti saizi" tunaitaja kama kilo ya sukari, kana kwamba ni kipimo kimoja dunia nzima. India wanataka mraba: upana sawa na urefu, nyuma nyeupe au rangi nyepesi, faili la JPEG lisilopungua KB 10 wala kuzidi MB 1. Uchina, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo huenda na kurudi, ni milimita 33 kwa 48 na nyuma nyeupe. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ni 35 kwa 45, na uso peke yake, kidevu mpaka utosi, uwe milimita 32 hadi 36. Marekani ni mraba wa milimita 51, kichwa kati ya 25 na 35, na miwani hawaitaki tangu Novemba 2016, hata kama huoni bila hiyo. Ufaransa wana lao tena: nyuma iwe kijivu chepesi au bluu iliyopauka, nyeupe hawaitaki. Kwa Uingereza usijisumbue, watakupiga picha wenyewe siku ya kutoa alama za vidole.

Kwa hiyo usihangaike na vipimo ukiwa nyumbani. Acha nafasi ya kutosha juu ya kichwa na pembeni ya mabega, sisi tutakata kwa kipimo cha nchi unayokwenda. Kazi yako ni vitu ambavyo kompyuta haiwezi kuvirudisha: ukuta, mwanga, umbali na uso wenyewe.

Ukuta wa krimu usio na madoa unafaa kwa nchi nyingi. Usipokuwa nao, tandaza shuka jeupe, lakini lipige pasi kwanza na ulivute kwa vibanio mpaka likaze. Mikunjo ya shuka inaonekana kwenye picha kama nyufa. (Tumeshaletewa picha iliyopigwa mbele ya chandarua. Matundu yote yanahesabika.) Halafu usiuegemee ukuta. Sogea mbele hatua mbili, ukiugusa tu kivuli chako kinabandikwa nyuma ya sikio, na kivuli ni sababu ya kawaida kabisa ya picha kurudishwa.

Mwanga ndio wenye maneno mengi. Taa ya dari ina adabu mbaya, inamwaga mwanga utosini na kuyaacha macho kama mashimo. Flashi nayo inapausha paji la uso na kuacha kivuli kikali nyuma. Tumia dirisha. Simama ukilitazama, mpigaji akae kati yako na dirisha bila kukuzibia, saa mbili hadi saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali. Jua likiingia moja kwa moja, ahirisha au hamia kwenye kibaraza chenye kivuli. Siku ya mawingu ya masika ni studio ya bure, mwanga unakuja laini kutoka kila upande. Angalia na pazia pia: la kijani linapaka uso kijani, na wewe hutagundua mpaka picha iwe imechapwa.

Sasa jambo ambalo watu wanaisingizia simu yao. Unapiga mbele ya ukuta mweupe, uso unatoka mweusi tii, macho na nyusi havitengani. Kamera haijui kwamba ule weupe umeuweka makusudi. Inaona weupe umetawala, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayelipa gharama ni uso wako. Dawa yake ni hii: mpigaji aguse shavu lako kwenye skrini na kushikilia kidogo mpaka kijisanduku kitokee. Simu nyingi zitaonyesha kijialama cha jua pembeni, akisukume juu kidogo kidogo. Asimame pale ambapo mboni inajitenga na weupe wa jicho, na ukingo wa nywele unaonekana dhidi ya ukuta. Akizidisha, pua na paji vitang'aa kama sahani. Hapo tena kuna jasho la Dar, hasa Januari na Februari: jifute kwa tishu kavu, poda kidogo, kisha piga haraka kabla hujaanza tena.

Selfi, hapana. Kwa urefu wa mkono kamera inavimbisha pua na kuyasukuma masikio nyuma, na kamera ya mbele kwa kawaida ni dhaifu kuliko ya nyuma. Mtu mwingine akupige kwa kamera ya nyuma kutoka mita moja na nusu, simu ikiwa usawa wa macho yako. Simu ya megapikseli 12 kutoka hapo bado inatupa mraba wa pikseli 600 kwa 600 ambao Marekani wanauita kima cha chini. Ukisogea mbali zaidi, tunaanza kubahatisha.

Nguo iwe ya rangi iliyokolea. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe inabakiza kichwa kinachoelea, na mtandio mweupe vivyo hivyo. Vaa wa bluu nyeusi au kahawia. Hijabu haikatazwi kwa watu wanaoivaa kwa sababu ya dini, ila uso wote uonekane toka kidevuni mpaka juu ya paji, na ukingo wa kitambaa usiangushe kivuli shavuni. Urudishe nyuma kidogo kabla ya kupiga. Mdomo ufungwe, macho yafunguke. Si lazima ununie kamera kama inakudai.

Kabla hujabonyeza, ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kile kipengele cha urembo. Kwenye simu nyingi kinakuja kimewashwa tangu dukani: kinalainisha ngozi, kinachonga kidevu, kinafuta kovu. Kovu lako linatakiwa libaki. Sura itakayosimama mbele ya afisa ndiyo inayopaswa kuwa kwenye picha.

Hili tumejifunza kwa aibu. Siku za nyuma tulikuwa na programu ya kuondoa ukuta na kuweka weupe kwa sekunde moja, tukaiona muujiza. Akaja dada mwenye afro kubwa, tukamfuta ukuta, programu ikafuta na nusu ya nywele. Upande wa kushoto zilikuwa zimekatwa kama kwa mkasi. Hatukuona, yeye hakuona, waliopokea maombi waliona. Tulimpiga upya bila malipo na tukaacha mchezo huo. Siku hizi tunakata na kupunguza ukubwa wa faili, basi. Ukuta ukiwa mbaya tutakuambia urudie, na wengine wananuna.

Mtoto mchanga mlaze juu ya shuka jeupe, simama juu yake, mpige akiwa ameamka. Mkono wa mama usiingie kwenye picha, wala chuchu bandia. Piga kama thelathini, moja itakubali.

Kututumia picha kwa WhatsApp, usiitume kama picha. Bonyeza alama ya kuambatanisha, chagua dokumenti, kisha faili lenyewe. Ikitumwa kama picha inabanwa, na kinachotufikia ni ukungu. Andika na nchi unayokwenda, pamoja na tarehe uliyopiga, maana nchi nyingi hazikubali picha iliyopita miezi 6. Hata ile nzuri uliyopendeza nayo harusini kwa shangazi.

Ukichapisha kwingine, mwambie fundi asiache mashine ijaze karatasi yenyewe. Ichapwe kwa asilimia 100 kwenye karatasi ya picha, kisha aipime kwa rula mbele yako. Milimita mbili tu zikipotea, huenda uso usifike zile 32 za Schengen.

Mama wa Mbagala tulimpiga jioni ileile, umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa mwisho uliobaki mlangoni. Mara ya nne fomu iliipokea. Mwanawe alikuwa amelala kwenye benchi, yeye tulimpiga Jumamosi asubuhi.