Barua ya wazi kwa Naibu Kamishna wa Kaunti: Funga kibanda, utuachie Alhamisi yetu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa kanisa wanaopinga ulevi katika kata hii. Unatufahamu. Ndio sisi wenye utepe mweupe kifuani, uliotusifu mbele ya umma mwaka 2024, katika baraza lililoitishwa baada ya watu kufa kijijini Kangai, Kirinyaga, kwa kunywa pombe yenye sumu. Siku hiyo ulisema hakuna tone la pombe haramu litakalouzwa hapa ukiwa ofisini. Tulikupigia vigelegele. Bado uko ofisini, na pombe inauzwa.

Alhamisi iliyopita tulitoka kanisani tukiimba, kama ilivyo desturi yetu, hadi mbele ya kile kibanda kilicho nyuma ya shule ya msingi. Ilikuwa saa nane mchana. Barua ya kuarifu polisi ilikuwa imefikishwa kituoni mapema, na nakala yenye muhuri ninayo. Kabla hatujamaliza sala ya kufungua, gari la polisi likafika. Tukaambiwa mkutano wetu ni haramu, tutawanyike. Mwenzetu mmoja, mama mwenye wajukuu wakubwa, alisukumwa akaanguka na Biblia yake ikakanyagwa matopeni.

Wakati huo wote biashara haikusimama. Kibanda kile kina tundu kwenye mabati. Mtu anapenyeza noti ya shilingi hamsini, mkono unatoka na kikombe cha plastiki, anameza akiwa amesimama, anarudisha kikombe, anayefuata anasogea. Nilikuwa karibu kiasi cha kuiona pete kwenye kidole cha mkono ule. Hakuna askari aliyeuliza ni mkono wa nani.

Mheshimiwa, sheria ya vileo ya mwaka 2010, hii tunayoiita Sheria ya Mututho, inasema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Inasema pia siku za kazi pombe iuzwe kuanzia saa kumi na moja jioni. Kibanda hiki kinatenganishwa na uwanja wa watoto na ua wa michongoma tu. Mpira ukiruka, mtoto anaufuata hadi kwa walevi. Nacho si baa hata kidogo. Tulipokuja kwako tuliambiwa leseni ni kazi ya kaunti. Huko kaunti wakasema hawajawahi kutoa leseni mahali hapo, kwa hiyo twende kwa chifu. Chifu anasema anangoja amri yako. Sasa kama hakina leseni, ni nani anayeombwa ruhusa ya kukifunga?

Sisi tuna Kifungu cha 37 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Silaha yetu ni kitabu cha nyimbo. Na hatukuanza sisi. Desemba 1873, akina mama wa Hillsboro, Ohio, kule Marekani, walitoka kanisani wakaenda kupiga magoti mbele ya baa za mji wao, na mwaka uliofuata wakaanzisha chama kilichoenea nchi nyingi. Utepe huu mweupe tumeuiga kwao.

Acha nikwambie kwa nini sichoki. Kijana wangu alikuwa fundi wa mawe, mikono yake ilijenga nusu ya nyumba za soko letu. Leo mikono hiyo inatetemeka hata kushika kijiko. Ameuza mabati ya jiko, ameuza jembe, na sufuria zangu nazifungia chumbani ninapolala. Pesa ya maziwa naificha kwenye gunia la mahindi, na anajua. Usiku nikisikia anatapika naamka na tochi kumtazama macho, kwa sababu nakumbuka Mei 2014, Embu na kwingineko, watu walivyopofuka kabla ya kukata roho. Nampenda. Nikimzika kwa sababu ya kikombe kile cha plastiki, nitakuja ofisini kwako nikuulize lile baraza lilikuwa la nini.

Kwa nini kibanda hakifungwi? Sina ushahidi, lakini tunaona. Kila kukiwa na msako, madumu yanahamishwa jioni ya kuamkia siku hiyo. Kuna anayewapigia simu. Kule Kirinyaga serikali yenyewe ilisema pombe iliyoua ilikuwa kielelezo cha kesi kilichotoka kituo cha polisi. Kwa hiyo usituambie tunawasingizia watu.

Nilikusudia kukuandikia mengi: kituo cha kuwatibu vijana, taa za barabarani, yule askari aombe radhi. Hayo yote yanaweza kungoja. Kibanda cha nyuma ya shule kifungwe. Usitume barua kwa kaunti, usimwambie chifu aunde kamati. Kifungwe, mabati yang'olewe, madumu yamwagwe mchana watu wakiona.

Alhamisi hii tutakusanyika tena saa nane, mahali palepale, na barua ya kuarifu polisi imeshapelekwa. Tunakuomba ufike wewe mwenyewe. Tafadhali, Mheshimiwa, kifunge.

Wako katika utumishi,
Katibu, kwa niaba ya akina mama wa Alhamisi